Shamba Lililofuata Mto

Asubuhi ile Clementina na Révérienne walikuwa wakianua dagaa kwa haraka, maana wingu lilikuwa limeshavuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Jua halikukaa Ilagala hata nusu siku, na dagaa akilala mbichi, kesho yake huwa wa kutupa. Clementina alifagia upande wa juu wa uwanja, Révérienne upande wa mtoni, na kila mmoja alikuwa na beseni lake.

Révérienne aliinua kichwa ili ajipanguse jasho, akaona shamba linateremka mtoni.

Halikuwa kubwa bado. Lilikuwa kama sebule ya nyumba, udongo mwekundu, na juu yake mistari ya maharage yaliyotoa maua. Lilipita katikati ya maji bila pupa, likakipisha kivuko kilichojaa watu na baiskeli, likaenda kukaa kwenye fungu la mchanga karibu na mdomo wa mto, mahali ambapo viboko hupenda kuota jua. Viboko walisogea.

"Lile ni shamba langu," Révérienne alisema.

Clementina alitazama. "La kule kwenu?"

"La Rusenyi. Mistari ile ni yangu. Mimi hupanda nikirudi kinyumenyume, angalia inavyopinda."

"Kweli imepinda. Na maharage yameshatoa maua." Clementina alirudi kwenye ufagio wake. "Tuingize dagaa kwanza."

Wakaingiza dagaa kwanza.

Révérienne alikuwa mwanamke wa Burundi, wa upande wa Makamba. Kabla ya vita alikuwa na mume aliyeitwa Bonfils na shamba moja la mteremko, ambalo kwao huliita *itongo*: ardhi ya kujenga, ya kulima na ya kuzikwa, vyote kwa neno moja. Jioni ambayo wanaume wenye mapanga walipanda kilima cha Rusenyi, yeye alikuwa bondeni akichota maji. Bonfils alikuwa nyumbani. Révérienne alisikia, akaacha ndoo, akatembea pamoja na watu wengine waliokuwa wakitembea. Hakurudi kuangalia. Hakujua kama mumewe alizikwa au aliachwa, na jambo hilo lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni: halikumzuia kula, ila kila alipomeza lilikuwapo.

Wenzake walikwenda kambini. Yeye alifika Ilagala kwa sababu mguu ulimvimba, na mwenye baiskeli aliyemhurumia alikuwa anakwenda huko. Clementina, ambaye ni Muha wa palepale na mjane pia, alimkuta ameketi kivukoni. Alimsalimia kwa Kiha, naye akaitikia kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, hapakuhitajika mkalimani.

"Mguu huo hauendi popote," Clementina alimwambia. Akampa mkeka, baadaye kitanda, baadaye nusu ya kazi. Watu walipouliza, alisema ni mdogo wake, na baada ya muda watu waliacha kuuliza.

Mto ambao Ilagala wanauita Malagarasi, Warundi wanauita Muragarazi. Huanzia milimani kule mpakani, huzunguka mbali, hupita kwenye mabwawa makubwa, ndipo hushuka ziwani. Maji hupanda kutoka ziwani yakawa wingu, wingu likaenda kunyesha milimani, na milima nayo ikashuka ziwani kidogo kidogo ikiwa tope. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kwa kawaida mabwawa hulichuja lile tope, na kinachofika Ilagala ni maji ya rangi ya chai tu. Mwaka ule mabwawa yalijaa hadi yakashindwa kuchuja, na milima ilishuka kwa vipande vikubwa zaidi.

Msimu wote wa mvua shamba la Révérienne liliendelea kufika. Ulifika muhogo. Yalifika mawe ya matuta ambayo Bonfils aliyapanga kwa mikono yake, na yalipofika yalijipanga tena kwa mpangilio uleule, pamoja na pengo alilokuwa akiahidi kila mwaka kuliziba. Migomba ilifika imesimama, na kwenye mkungu mmoja alikuwepo ndege ambaye hakuona sababu ya kuruka. Kila kipande kilipofika kilisubiri kidogo kwenye maji ya kina kifupi, kikapata nafasi yake, kikaungana na vingine.

Ilagala ni tambarare, lakini shamba lilikuja na mteremko wake. Mtu akitoka mchangani na kuingia humo ilimbidi ainame mbele kidogo na ahesabu pumzi kama anayepanda mlima, ingawa ukitazama kutoka kivukoni hukuona mlima wowote. Wazee wenye magoti mabovu waliliepuka. Wengine walikuja kuuliza kama udongo ule unafaa mihogo.

Bwana Shamba naye alikuja. Aliitwa Eliakimu, Mpare wa Same aliyehamishiwa Kigoma, na alikuwa na mazoea ya kuonja udongo. Aliuchukua kidogo, akaunusa, akauweka ulimini.

"Wa milimani," alisema. "Kwetu Same nao hushuka, ila hushuka bila mazao." Alimshauri Révérienne apande majani ukingoni ili ziwa lisile pembe za shamba, akaondoka na mkungu mdogo wa ndizi kwenye keria ya baiskeli.

Mwenyekiti wa kijiji, Gervasi, aliitisha kikao.

"Kinacholetwa na maji ni cha kijiji," alisema. "Samaki analetwa na maji. Gogo linaletwa na maji."

"Mwenyekiti," Révérienne alisema, "samaki hana mtu aliyempalilia."

Gervasi hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu. "Sawa. Shamba ni lako. Lakini mahali lilipokaa ni petu, na mgeni hapewi ardhi. Hilo mimi sikulitunga, nimelikuta."

Clementina akasimama. "Basi shamba likae kwangu, kama yeye anavyokaa kwangu."

Kikao kiliona hilo ni jambo la kawaida, likapita. Tangu siku hiyo shamba lilikuwa mgeni wa Clementina, na Révérienne alilima shamba lake mwenyewe kwa ruhusa ya mwenyeji wake. Alfajiri walianika dagaa. Jua likipanda, Révérienne alichukua jembe, akapanda mteremko wake, na Clementina akabaki chini akifukuza kunguru na kumpigia kelele anywe maji.

Kaburi lilifika mwisho kabisa, mvua zikiwa zinakatika.

Lilikuja peke yake, tuta dogo lililozungushiwa mawe, na msalaba wa mti ulioandikwa kwa ncha ya kisu: BOFISI. Lilikaa kwenye pembe ya juu, chini ya migomba, mahali ambapo Bonfils alikuwa akipumzika mchana. Révérienne alisimama mbele yake na jembe begani. Kisha aliweka jembe chini, akapiga magoti, akang'oa magugu, moja moja, mpaka tuta likawa safi. Clementina alipopanda kumtafuta, alimkuta akikung'uta viganja.

"Alizikwa," Révérienne alisema.

"Alizikwa," Clementina aliitikia.

"Na mawe wamempangia."

"Wamempangia vizuri, mdogo wangu. Hata upande wa nyuma."

Hapo ndipo Révérienne alilia, na Clementina alimshika mabega kwa nyuma, kwa sababu mteremko ulikuwa mkali na mtu anayelia anaweza kuteleza. Jioni walikula ugali na mgebuka, samaki wa ziwa lao. Révérienne alimeza vizuri, akaomba kuongezewa.

Maharage yalikomaa. Walivuna, wakapiga, wakapepeta. Révérienne alimpelekea Gervasi sahani iliyojaa, na mke wa Gervasi akasema hajawahi kuona maharage yanayoiva upesi hivyo.

Kiangazi kilipoanza alikuja mwanaume mmoja mwembamba, kwa miguu, akiufuata mto. Pale kivukoni aliuliza kama kuna shamba lililopita huku. Wakamwonyesha. Alifika hadi mwanzo wa mteremko, akavua kofia.

"Bwakeye, muka Bonfils," alisema. Kwa Kirundi ni kumwamkia mke wa Bonfils.

Révérienne alimjua. Alikuwa Manirakiza, jirani yao wa Rusenyi, ambaye mpaka wake na wao ulikuwa mfereji mdogo tu. Baada ya Révérienne kukimbia, Manirakiza aliuruka mfereji huo, akahamia shambani mwao.

"Niliamka nikajikuta nimezungukwa na mwamba," alieleza. "Nyumba ilibaki. Shamba liliondoka. Nikasema nilifuate."

"Umekuja kulichukua?"

"Nimekuja kuona lilikokwenda." Alitazama chini. "Na nina njaa, mama."

Clementina alimpakulia. Manirakiza alikula maharage ya shamba lile ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, na Révérienne alikaa mbele yake.

"Bonfils alizikwa na nani?"

"Na mimi."

"Jina umelikosea."

"Sikusoma sana."

"Kichwa chake kiko upande gani?"

"Upande wa mlimani. Na nilimfunika na shuka. Ile yenu ya buluu."

Révérienne alikubali kwa kichwa taratibu. Shuka hiyo aliikumbuka. "Na jioni ile yenyewe, wewe ulikuwa wapi?"

Manirakiza aliacha kutafuna. Mtoni mtu alikuwa akimwita mwenye kivuko, na mwenye kivuko akajibu anakuja.

"Nilikuwepo," alisema. "Panga sikushika. Niliwaonyesha mlango."

Clementina, aliyekuwa ameshika upawa, aliuweka chini polepole. Alimtazama Révérienne aone kama amfukuze mtu yule au amwite Gervasi. Révérienne alisema, "Maliza kula." Akachukua jembe akapanda shambani, akalima sehemu ambayo hakuwa na haja ya kuilima, mpaka nuru ikaisha.

Gervasi aliambiwa. Naye alimwambia polisi wa kituo cha jirani, na polisi akasikiliza vizuri, akasema hilo lilitendeka nchi nyingine na huku halina faili. Manirakiza alijenga kibanda cha matete ukingoni. Révérienne alimwonyesha sehemu ya kupalilia, mbali na kaburi. Hakumsamehe, wala hakuna aliyemwomba amsamehe. Manirakiza alipalilia, akalipwa chakula, na jioni wote watatu walisikia redio ileile ya Clementina, wawili ndani na mmoja nje.

Muda si mrefu ikatoka amri kwamba Warundi wote wanaokaa vijijini wapelekwe makambini. Malori yalifika Ilagala mchana, wakati dagaa wamelala juani. Gervasi alikuja mbele ya askari, macho yake yako kwenye viatu.

"Huyu ni mdogo wangu," Clementina alisema, akasimama mlangoni.

"Mama," askari alimjibu kwa upole, "mdogo wako anaitwa Révérienne."

"Hata mimi naitwa Clementina. Majina ni ya padri."

Askari alicheka kidogo, lakini alikuwa ameagizwa. Révérienne alifunga nguo zake kwenye kitenge. Alipotoka aliuliza, "Na shamba?"

Askari aligeuka akalitazama, pamoja na mteremko wake na migomba yake. Aliona kwamba ni shamba la Burundi. Mtu yeyote angeona. "Shamba halikutajwa," alisema. "Amri inasema watu."

"Na mume wangu?"

"Yuko wapi?"

"Pale juu, chini ya migomba."

"Aliyekufa anabaki, mama."

Clementina alimfungia samaki wa kubanika kwenye gazeti na kumtia mkononi. Hakuna aliyesema kwaheri. Clementina alisema tu, "Funika kichwa, jua kali," na lori likaondoka. Manirakiza naye alipakiwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ile ya karibu na Révérienne, akaketi hapo.

Kambi ilikuwa juu kuelekea Kasulu. Kila mtu alipewa turubai moja na miti ya kusimamishia. Aliyepoteza shamba na aliyelichukua walipewa maturubai ya ukubwa mmoja, jirani kwa jirani, na katikati yao pakachimbwa mfereji mdogo wa maji ya mvua. Kulima hakukuruhusiwa. Kutoka nje ya mipaka ya kambi hakukuruhusiwa.

Ilagala, kijiji kiligawa shamba. Gervasi alipata upande wa migomba. Clementina aliomba ile pembe yenye kaburi tu, akapewa, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, shamba lilianza kukauka. Udongo ukawa vumbi, vumbi likapanda, na upepo ukalichukua. Kambini vumbi ni la kila siku, lakini hili lilianguka kwenye turubai moja tu. Turubai la Manirakiza lilibaki safi kama limefuliwa. La Révérienne lilipata utando mwekundu, kisha unene wa kidole, kisha wa shubiri. Alipogundua, alipanda juu ya ndoo, akachukua udongo kidogo na kuunusa. Humo mlikuwa na majani makavu ya maharage.

"Limefika," alimwambia mwanamke aliyekuwa akichota naye maji.

"Lako lina bahati," mwanamke yule alisema. "La kwetu liko Rutana na halina habari."

Turubai lilianza kubonyea. Asubuhi moja Révérienne alitoka akakuta Manirakiza ameleta miti minne na anaitegemeza kwenye pembe, bila kuombwa. Hakumzuia. Mvua za kwanza zilipokuja, alipanda maharage juu ya paa, akizunguka nje na ndoo yake, hatua moja nyuma, mbegu, hatua moja nyuma, mbegu. Yaliota. Yalitambaa yakaning'inia mlangoni, na aliyetaka kuingia ilimbidi ayafungue kwa mikono kama pazia.

Ofisa wa kambi, Elinipa, aliyakuta hivyo. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na kazi yake hakuipenda siku zote.

"Mama, hairuhusiwi kulima."

"Sijalima, binti yangu. Limekuja lenyewe."

"Naona limekuja." Elinipa aligusa ganda moja la haragwe, bado bichi. "Lakini turubai ni la msaada. Kilicho juu ya turubai si chako. Na wakubwa wakija wakaliona, watasema wengine nao watataka." Alifikiri. "Vuna kwanza. Kiangazi kikifika, liondolewe."

Alitimiza neno lake. Aliyaacha maua mpaka yakawa maganda, na maganda mpaka yakakauka, na kila alipopita upande ule aliangalia kwingine.

Siku ya kuliondoa, Clementina alikuwa amekuja. Alipata kibali cha kuingia kambini mpaka saa za jioni, akaleta migebuka ya kubanika na dawa ya mguu. Walikumbatiana muda mrefu, na Clementina akamwambia amekonda, naye akamwambia amenenepa, yote mawili yakiwa si kweli. Kisha walichukua fagio. Manirakiza alileta ufagio wake, akabaki upande wake wa mfereji mpaka Révérienne alipomwashiria avuke.

Walifagia taratibu. Udongo haukuanguka chini. Ulipofika ukingoni mwa turubai ulikaa hewani kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kabla ya safari, kisha kusi likauchukua kuelekea kaskazini.

"Linakwenda wapi?" Clementina aliuliza.

Manirakiza alitazama upepo. "Rusenyi," alisema. "Unaelekea huko huko."

"Pale yupo nani sasa?" Révérienne aliuliza.

Manirakiza aliinamia ufagio wake. "Mdogo wangu. Nilimwachia nyumba."

"Na yeye alikuwepo jioni ile?"

"Alikuwepo."

Révérienne aliendelea kufagia. Alifikia kona ya mwisho, akaikung'uta kwa mkono, na wekundu ule ukapanda, ukapita juu ya paa za wengine, juu ya tangi la maji, juu ya uzio, bila kuulizwa kibali. Mtu wa Rusenyi angeamka akute mwamba umevaa udongo, mwingi na mzuri, na angechukua jembe. Elinipa alikuwa amesimama mbali kidogo. Alipoona turubai liko safi aliandika kitu, akaenda zake.

Wanawake wawili walikaa kivulini, wakachambua migebuka. Manirakiza alirudi upande wake.

"Huko Ilagala pamebaki mchanga," Clementina alisema. "Migomba ya Gervasi mizizi iko nje. Anasema fungu lile atawarudishia viboko."

"Na kaburi?"

"Kaburi halijapungua hata kiganja. Nalifagia Jumamosi. Tangu Kwaresima huwa tunaongea."

"Anaongea?"

"Kidogo. Kirundi chake ni cha milimani sana, maneno mengine yananipita. Ananiuliza habari zako."

Révérienne aliweka kichwa cha samaki pembeni. Alifuta vidole kwenye nyasi, kimoja kimoja.

"Mwambie shamba limerudi nyumbani," alisema. "Mwambie mimi bado."

Clementina alisema atamwambia. Akajifunga kitenge vizuri, akabeba kikapu, na kwa kuwa jua lilikuwa linashuka alitembea haraka ili afike getini kabla halijafungwa.